Siku Kitinda Alipotaka Kuwa Nyanya

Mama Pindo hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini, katika chumba cha ushonaji cha hospitali, ambako kwa miaka thelathini na mmoja alikunja na kushona pindo za mashuka, mapazia ya wodi, na yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa mgongoni na kumfanya mtu mzima atembee akiambaa na ukuta. Wenzake walisema ukimpa kitambaa chochote, hata leso ya kupengea mafua, ataangalia pindo kwanza. Hawakumsingizia. Siku ya harusi ya binti yake mwenyewe, watu wote wakimtazama bibi harusi usoni, yeye alitazama chini, akaona uzi umeachia, akapiga magoti na kuutengeneza palepale huku mpiga picha akihema kwa hasira.

Sasa alikuwa amestaafu na anaishi kwa binti huyo, karani wa bima, katika nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya pili. Mume wa binti alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa mzaha mwingi, ila mbele ya mama mkwe mzaha wake ulikuwa na adabu. Watoto walikuwa wawili. Mkubwa, wa miaka kumi na miwili, aliitwa Dada na kila mtu, hata na wazazi wake. Mdogo, aliyekuwa anakaribia kutimiza saba, walimwita Kitinda, kwa sababu mama yake alishatangaza kwamba baada ya huyo duka limefungwa.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake, na sijasikia nyingine yenye desturi kama hiyo. Mwenye siku ya kuzaliwa hakupewa zawadi, alivikwa. Wiki moja kabla aliingia jikoni peke yake, akamwambia Mama Pindo anataka kuwa nini, na kuanzia hapo ilikuwa siri ya watu wawili. Hakuna kujaribisha vazi, hakuna kuchungulia. Siku yenyewe alifumbishwa macho chumbani, akavalishwa, akaingia sebuleni, na mpaka keki iishe ilibidi awe kitu hicho. Simba alinguruma. Treni ilipiga honi na kukataa kusimama mpaka ifike stesheni, yaani kwenye biskuti. Kila kilicholiwa kilipikwa humo ndani: keki ya sufuria yenye moto juu na chini, biskuti za siagi, bisi za kujaza beseni.

Jambo lilianza zamani, binti alipotimiza miaka mitano. Hospitali ilitupa shuka lililochanika, Mama Pindo akalikata duara, akalijaza pamba pembeni, akamfanya mtoto wake mwezi. Mwezi ule ulikaa mezani ukala keki kwa mikono miwili. Tangu hapo hawakuacha. Hata mkwe alipooa alivikwa. Mwaka wa kwanza alikubali kwa kuona haya tu, akawa birika, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukimimina. Mwaka wa pili alianza kuulizia mwezi mzima kabla.

Tatizo sasa lilikuwa macho. Lilianza mwaka uliopita kama vumbi kwenye miwani. Mama Pindo aliipangusa kwa leso, kwa upindo wa gauni, akaiosha kwa sabuni, mpaka akakubali kwamba vumbi halikuwa kwenye miwani. Katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa kama moshi. Pembeni aliona vizuri. Angeweza kukuambia nani amepita mlangoni bila kugeuza shingo. Lakini kitu akikikabili ana kwa ana, kilijificha. Na kazi ya sindano ni kazi ya ana kwa ana.

Hakumwambia mtu. Si kwamba hakujua pa kwenda. Hospitali aliijua kuliko madaktari wengine. Aliogopa. Alishawaona wanawake wa rika lake wakianza kwa kuambiwa "pumzika, mama," na kuishia kwenye kiti cha dirishani, wanaletewa chai na kuulizwa kama wamelala salama. Basi akajikaza, akawa anawapiga chenga watu wa nyumbani kwake. Biskuti aliziivisha kwa pua. Sukari aliihamishia kwenye kopo la bati na chumvi kwenye la plastiki, akazitambua kwa mlio wa kijiko. Uzi wa sindano ndio uliomshinda, na hapo alimtumia Kitinda.

"Njoo tushindane," alimwambia kila asubuhi kabla ya shule. "Nahesabu mpaka hamsini. Utie uzi sindano kumi."

Kitinda, mtoto wa maneno machache na macho mengi, alikaa chini kando ya cherehani, akatia uzi, akazichomeka sindano kwenye kimto moja baada ya nyingine. Alishinda kila siku, maana mpinzani hakuwepo. Mama Pindo alidhani mtoto anauona ni mchezo.

Jumapili moja, siku kumi na tatu kabla ya Kitinda kutimiza saba, binti aliweka kijiko chini baada ya chakula, akakohoa kikohozi cha ofisini.

"Mama, mwaka huu tupumzike. Karibu na kazini kwangu kuna duka wanakodisha mavazi ya watoto, ya kila aina. Na keki wanakuletea mpaka mlangoni."

"Nani amechoka?"

"Sijasema umechoka."

"Umesema tupumzike. Anayepumzika ni aliyechoka."

"Mama, jamani. Halafu ile kona ya cherehani tungemwekea Dada meza ya kusomea. Mwakani ana mtihani. Na jirani wa chini anatafuta cherehani, ataitunza vizuri."

Binti hakusema kilichomsukuma, na Mama Pindo alikuja kukijua baadaye. Mwezi uliopita alikuwa amempindia binti sketi yake ya kazini, na pindo hilo lilikwenda segemnege, upande mmoja juu, mwingine chini. Binti alilifumua na kulishona upya chooni ofisini, mlango akiwa ameufunga kwa ndani. Angemwambiaje mama yake? Mwambie mtu mwingine yeyote kwamba pindo lake limepinda, lakini si huyu. Akaamua kwamba mama amechoka, akaona njia ya heshima ni kumpunguzia kazi.

Mama Pindo alisikia neno moja tu, jirani. Akaweka masharti kama mtu anayeuza nyumba.

"Nipe hii moja. Kitinda akifurahi, tunaendelea kama zamani na hakuna kuniambia nipumzike. Akinuna, cherehani mpeni jirani. Mimi sitasema neno."

"Mama, si lazima tufike huko."

"Tumeshafika."

Binti alikubali shingo upande. Mkwe, ambaye moyoni alishaamua kwamba mwaka huu atakuwa pweza, aliinamia sahani yake na kuikagua kama jokofu bovu.

Jumamosi iliyofuata Kitinda aliingia jikoni kama desturi ilivyotaka, akafunga mlango nyuma yake. Mama Pindo alikuwa anamenya nyanya za mchuzi. Alikuwa amezitumbukiza kwenye maji ya moto, na ngozi zilikuwa zikitoka zenyewe chini ya vidole, kazi asiyohitaji macho.

"Haya, mwenye siku. Mwaka huu unataka kuwa nani?"

Kitinda alimtazama mikononi, akamtazama usoni, akatazama tena mikononi.

"Nataka kuwa nyanya."

Lugha yetu nayo ina utani wake. Imechukua tunda la mchuzi na mama aliyemzaa mama yako, ikavipa neno moja, ikatuacha tuhangaike. Mara nyingi neno linalofuata ndilo hutuokoa. Ukisema kubwa, ni ya sokoni. Ukisema mkubwa, umsogezee kiti. Lakini Kitinda, kama kawaida yake, alisema neno moja na kunyamaza. Na Mama Pindo alikuwa na nyanya mkononi, tena mwaka juzi Dada alikuwa nanasi. Zaidi ya hayo, katika akili yake hapakuwa na mlango hata mmoja ambao wazo lile jingine lingeweza kupitia. Nani atake kuwa kizee?

"Nyanya!" alisema kwa furaha. "Kubwa au ndogo?"

Kitinda alifikiri juu ya nguo za nyanya yake, ambazo kwake zingefika chini.

"Kubwa," alisema.

Wakapeana mkono. Siri ikafungwa.

Wiki hiyo Mama Pindo aliishona nyanya kwa kufa na kupona. Alichukua pazia jekundu la zamani, akalifua, akalipiga pasi. Alitoa sweta la kijani la Dada lililombana, akakata majani ya kikonyo. Ili kupata kipimo alizungusha utepe kwenye gauni la Kitinda, akausogeza pembeni mwa jicho ambako kulikuwa na nuru, na tarakimu zikamchezea: themanini na nane. Utepe ulisema hamsini na nane. Mtu mwingine angeshangaa mtoto wa miaka sita kuwa na kiuno cha mpishi wa jeshi. Mikono yake nayo ilimnong'oneza kwamba kuna jambo, lakini alijibu hoja zake mwenyewe kwamba nyanya ni mviringo, mviringo unataka nafasi, na mtoto ametaka kubwa.

Alhamisi sindano kumi ziliisha kabla ya saa nne. Kitinda hakwenda shule siku hiyo kwa sababu ya mafua. Alikuwa amelala kwenye kochi, au ndivyo alivyoonekana, na lile pazia jekundu lilikuwa limefichwa chini ya meza. Mama Pindo alikuwa anashona kifungo cha shati. Uzi ukamwishia. Aliulowesha mdomoni, akauinua kwenye mwanga, akalenga. Akakosa. Akageuza kichwa pembeni kama kuku, akalenga, akakosa. Mara ya tano au ya sita alishusha mikono mapajani, akajifuta macho kwa aproni, na kama ilivyokuwa tabia yake akiwa kwenye cherehani, alijisemea maneno machache peke yake. Kisha akakirudisha kifungo kwenye kopo na kwenda kuchambua mchele, kazi ambayo nayo ilikuwa imeanza kumtia wasiwasi.

Siku ikafika. Saa tisa alasiri sebule ilikuwa imejaa watoto wanane wa jengo zima, bisi zilikuwa zimeshamwagika mara mbili, na keki ilikuwa mezani imefunikwa kwa beseni. Binti alizunguka na sahani. Alikuwa anatabasamu, lakini Mama Pindo, aliyemwona kwa pembeni ya jicho, aliona bega moja limepanda juu, kama linavyopanda kila mara binti huyo akisubiri habari mbaya. Akapiga moyo konde, akamshika Kitinda mkono, wakaingia chumbani.

"Fumba macho."

Alimvisha. Alimfunga kamba za mgongoni kwa fundo la hospitali, akamvika kikonyo kichwani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Fumbua."

Kitinda alifumbua, akajitazama kwenye kioo. Nyanya ilikuwa imemmeza. Shingo ilikuwa begani, mikono haikuonekana kabisa, na upindo wa chini ulikuwa umelala sakafuni ukimzunguka.

"Hii nini?"

"Nyanya!"

Kisha mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. Mama Pindo hakuuona mdomo, ulikuwa katikati ya moshi, lakini aliisikia pumzi ya mtoto ikibadilika. Basi ndiyo imekwisha, aliwaza. Jirani aje tu na watu wa kubeba.

"Siyo hii," alisema Kitinda. "Mimi nilisema nyanya."

"Ndiyo hii mwanangu. Nyanya, iliyoiva."

"Siyo ya kula!" Sauti ilipasuka. "Nyanya! Nyanya wewe!"

Mama Pindo alikaa kitandani. Kicheko kikamshika, kikamtikisa mabega, na katikati ya kicheko hicho machozi yakamtoka kwa sababu nyingine kabisa.

"Mimi? Unataka kuwa mimi? Kwa nini utake kuwa mzee, mtoto wewe?"

Kitinda alifikiri.

"Nataka nikae pale nitume watu," alisema.

Jibu hilo lilimtosheleza Mama Pindo kuliko jibu la kumsifu. Aliinuka. Hakukuwa na muda wa kushona, lakini vazi lenyewe, nusu lilikuwa limening'inia mlangoni na nusu alikuwa amelivaa yeye. Alimvua mtoto nyanya, akamvika blauzi yake, ikamfika magotini. Akamfunga aproni mizunguko miwili, akamfunga kitambaa kichwani kwa fundo lake lile la upande wa kushoto. Akamtundikia utepe wa kupimia shingoni, akampa kimto cha sindano, na mwisho akavua miwani yake na kumwekea puani. Kitinda aliishika isianguke, akajitazama kwenye kioo, akaweka mkono mmoja kiunoni. Alifurahi. Furaha ile aliisikia hata asiyeona.

"Na wewe vaa hii," Kitinda alisema, akionyesha lile rundo jekundu. "Isipotee bure."

Mama Pindo alivaa akitania, akitegemea itakwama mabegani. Haikukwama. Ilimkaa kama aliyepimwa. Alipitisha mikono kiunoni, kwenye mishono, akaelewa alichokifanya na utepe ule, na kicheko kikamkatika. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na mtoto alikuwa anamvuta.

Sebule ililipuka. Dada alianguka kwenye kochi. Watoto walipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Mkwe alisimama wima, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Sasa mimi shikamoo nampa nani?" aliuliza. Akainama mbele ya Kitinda. "Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba," alisema Kitinda kwa sauti nzito. "Umekula?"

"Bado, mama." Akageukia nyanya kubwa, akasahau adabu yote ya miaka kumi na minne. "Na hii, ni ya fungu au ya kilo?"

Hata binti alicheka. Bega lake lilishuka, na Mama Pindo, akiwa ndani ya pazia lake, alijua kwamba ameshinda. Mtoto hakununa. Masharti yalikuwa masharti. Alikaa kwenye kochi, kikonyo kikimwangukia sikioni, akapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Kitinda alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha cherehani. Desturi ilimtaka awe alichokitaka mpaka keki iishe, na hakuwa mtoto wa kufanya mambo nusunusu.

"Nani ameacha viatu hapa mlangoni?" alisema. "Viatu vina miguu? Vimekuja vyenyewe?"

Watu wakavunjika mbavu.

"Dada, punguza redio. Huyo anayeimba ameumwa na nini?" Akamwonyesha mama yake kidole. "Na wewe, simama niangalie pindo."

Binti akasimama, akajizungusha, akiwa na sahani ya biskuti mkononi. Alikuwa anacheka bado. Kitinda aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akachomoa sindano kwenye kimto. Akang'ata kipande cha uzi. Akaulowesha mdomoni, akainua mikono kwenye mwanga wa dirisha, akalenga. Akakosa, kwa makusudi, na kwa ustadi. Akageuza kichwa pembeni kama kuku. Watoto wakacheka. Akakosa tena.

"Nyanya, vipi, uzi hauingii?" aliuliza mkwe.

"Unaingia," alisema Kitinda. "Tundu ndilo limehama."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alilenga mara ya tatu, mara ya nne, na kicheko kikaanza kupungua kimoja kimoja, kwa sababu mchezo ulikuwa umekuwa mrefu na mtoto alikuwa anaucheza vizuri mno. Mara ya sita alishusha mikono mapajani, polepole. Akachukua upindo wa aproni, akapitisha chini ya miwani, akajifuta jicho hili, akajifuta na hili. Halafu akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeongea peke yake:

"Wakijua, watanichukulia cherehani yangu."

Mkwe alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba hapo si mahali pa watu wengi. Alibeba beseni la bisi, akatangaza kwamba kwenye ngazi za chini kuna mashindano ya kudaka bisi kwa mdomo, akawatoa watoto wote na Dada nyuma yao. Mlango ukafungwa. Wakabaki watatu.

Mama Pindo hakuthubutu kusogea. Alitamani ardhi ipasuke immeze na pazia lake. Hakumkasirikia mtoto. Alijionea aibu yeye, mzee mzima, ameketi amevaa kama tunda wakati siri yake inaanikwa na aliyevaa nguo zake.

Binti aliweka sahani chini. Hakumgeukia mama yake. Labda hakuweza, kuna mambo mtoto hawezi kumuuliza mzazi usoni. Alikwenda akachuchumaa mbele ya Kitinda, mbele ya ile miwani, na kuuliza kwa upole, kama mtu anayeongea na mkubwa wake:

"Nyanya, ni tangu lini?"

Kitinda alifungua mdomo, akaufunga. Hilo hakulijua. Alikuwa ameona mengi akiwa pale chini na sindano zake kumi, lakini si mwanzo wake. Aligeuka kuitazama nyanya kubwa kwenye kochi.

"Nyanya," alinong'ona, "nasema nini sasa?"

Mama Pindo angeweza kucheka. Angeweza kusema mtoto ana mambo huyo, kateni keki. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, alishayazoea. Akayameza.

"Sema tangu mwaka jana," alisema.

"Tangu mwaka jana," Kitinda alimwambia mama yake.

"Sema katikati sioni. Pembeni naona."

"Katikati sioni. Pembeni naona."

"Mbona hukuniambia?" Binti bado alikuwa anamtazama mtoto. "Mimi nimekaa hapa nakwambia habari za meza ya kusomea. Mbona hukuniambia, mama?"

Huko ngazini watoto walikuwa wanahesabu kwa pamoja, mkwe akiwaongoza.

"Sema naogopa," alisema Mama Pindo.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Kitinda alisubiri aambiwe.

"Kukaa bure," alisema Mama Pindo. "Sema hivyo tu. Kukaa bure."

"Kukaa bure," alisema Kitinda. Kisha, kwa kuwa alikuwa na miaka saba kamili na alijua kinachotisha ni nini, akaongeza la kwake bila kuambiwa na mtu: "Na giza."

Mama Pindo alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Binti aliinuka kutoka pale alipochuchumaa, akaja kwenye kochi, akamkumbatia mama yake pamoja na pamba yote iliyokuwa humo ndani.

"Jumatatu naomba ruhusa kazini," alisema hatimaye, mdomo ukiwa begani mwa mama yake. "Tunakwenda wote. Na cherehani haiendi kwa mtu, hata ukiambiwa nini huko. Utakaa hapohapo unitume. Mimi nitakuwa nashona."

"Wewe?" Mama Pindo alisema kutoka nyuma ya mikono yake. "Wewe hata kukata duara hujui."

"Basi utanifundisha."

Mama Pindo alishusha mikono. Alimtazama binti yake ana kwa ana, na binti akapotea ndani ya moshi, macho, pua, mdomo, vyote. Kisha akageuza kichwa kidogo pembeni, mbele ya mtu mwingine kwa mara ya kwanza bila kuficha, akamwona.